Hana Damu: Hotuba Kuhusu Mkia wa Kigiriki

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wafasiri, wakalimani na wanafunzi wa uuguzi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha tulizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wafasiri wenzangu, nanyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa bila kulala: hamjambo? Shikamooni wakubwa wangu.

Nimepewa nusu saa nizungumzie herufi nne: e, m, i, a, zile zinazofunga maneno ya tiba kama anemia, yaani upungufu wa damu. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniuliza mara mbili kama nina hakika na mada yangu, nami nikamjibu kwamba hofu yangu ni kuwa nusu saa haitatosha.

Nianze na mama yangu. Mama hakusomea uuguzi wala udaktari. Akimwona mtoto amenyong'onyea, hataki kucheza, anapenda kulala mchana, alikuwa akimvuta hadi dirishani penye mwanga, anamshika kidevu, kisha anaishusha kope ya chini kwa kidole gumba na kuutazama utando wa ndani. Ukiwa mwekundu, mtoto alirudishwa nje. Ukiwa umefifia, mama aliviangalia na viganja, akanyamaza kidogo, halafu akatamka maneno mawili: "Hana damu." Siku hiyo tulijua kwamba jioni maini yatapikwa.

Sasa nawauliza: je, mama alimaanisha kwamba mtoto yule hana damu hata tone? Hapana. Mtoto asiye na damu hasimamishwi dirishani. Mama alitia chumvi, na kila aliyemsikia alimwelewa.

Basi jueni kwamba Wagiriki wa kale walitia chumvi ile ile. Damu waliiita haima. Silabi an- mbele ya neno ilikuwa na maana ya kukosa, ya kutokuwa na kitu. Wakaunganisha, wakapata anaimia: kutokuwa na damu. Hana damu! Aristotle, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliwagawa wanyama wote katika makundi mawili, wenye damu na wasio na damu, na katika kundi la pili akawaweka pweza, kaa na wadudu. (Mvuvi yeyote wa pwani angeweza kubishana naye kuhusu pweza, kwa sababu pweza anayo damu, ila ni ya rangi ya buluu, kwa kuwa inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Lakini tusimwonee mtu ambaye hakuwa na maabara.)

Neno hilo la Kigiriki likapita katika Kilatini, ambako ai iligeuka ae, na kutoka humo likaingia katika vitabu vya madaktari wa Ulaya nzima. Humo ndani mkia wake ukakatika ukawa kiambishi tamati kinachojitegemea, tayari kubandikwa nyuma ya karibu mzizi wowote. Sisi wasemaji wa lugha ya viambishi hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Kichwa cha neno kinataja kitu, na mkia unataja mahali kilipo, yaani ndani ya damu. Uremia ni mkojo ndani ya damu, neno lililotokana na Pierre Piorry wa Paris, daktari wa karne ya 19 aliyekuwa na kiu isiyokatika ya kuyapa magonjwa majina mapya. Bakteremia ni bakteria ndani ya damu. Glisemia ni utamu, yaani sukari, ndani ya damu. Ukiujua mkia, nusu ya neno umeshaifungua kabla hujagusa kamusi.

Ila nawatahadharisha mapema, maana kuna mwanafunzi mmoja hapa aliyeniuliza mlangoni kama pandemia nayo ni damu. Hapana. Katika pandemia na epidemia, herufi d ni sehemu ya neno demos, watu. Kemia nayo haina damu, wala akademia, ingawa wapo walimu ambao wametunyonya kiasi cha kutia shaka.

Ndugu zangu, mkia huu umevaa nguo ya kila nchi uliyopita. Mfaransa anaandika anémie, akiweka alama juu ya e. Mjerumani anaandika Anämie, akiipa a nukta mbili kichwani. Mdenmaki anaandika anæmi, a na e zikiwa zimeshikana kama pacha, na jirani yake Mswidi ameziachanisha akabaki na anemi. Mwitalia, Mhispania na Mreno wote wanaandika anemia, lakini wasikilizeni wakitamka: Mhispania anaikazia sauti silabi ya ne, Mwitalia na Mreno wanaikazia mi. Mwingereza anaandika anaemia, akiitunza ae ya Kilatini kama mtu anayetunza sahani za marehemu bibi yake, na Mmarekani ameitupa ile a.

Nani ameandika sawasawa? Swali hili nimewahi kuulizwa na wahariri wawili waliokuwa wanagombana kweli kweli. Jibu langu huwaudhi wote wawili. Mgiriki wa leo bado anaandika ai, kama babu yake, lakini anaitamka e. Damu kwake ni ema. Na ule ugonjwa anauita anemía, mkazo juu ya mi. Sasa lisomeni neno hili kwa kanuni ya Kiswahili, inayotaka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: a-ne-MI-a. Mmesikia? Muuguzi wa Kondoa au wa Kisumu, akilisoma neno hili kama anavyosoma jina la mtoto, anatamka kama Mgiriki wa Athens. Daktari wa London hayupo hata karibu.

Na ile h ya haima imekwenda wapi? Katika hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, ipo, katika anemia haipo. Sababu ni kwamba h ya Kigiriki ilipenda kukaa mlangoni mwa neno. Neno likiwekewa kitu mbele yake, h inapotea, au inapanda mgongo wa konsonanti iliyo jirani. Ndiyo maana Mgiriki wa leo haiiti leukemia, saratani ya damu, kama tunavyoiita sisi. Anasema lefhemía, ile k ikiwa imemezwa na h yake ya kale. Mrusi naye, ambaye maneno mengi ya kigeni yenye h aliyapokea kwa g, ana gemoglobin, na sukari ikizidi kwenye damu anasema giperglikemiya.

Hiyo leukemia ina kisa chake, nami nakipenda kwa sababu kinahusu ugomvi wa majina.

Mwaka 1845 mjini Edinburgh, daktari John Hughes Bennett alimpasua marehemu mmoja, fundi wa kuezeka mapaa, akakuta damu yake imejaa kitu cheupe kama usaha. Akaamini kuwa ni usaha kweli, ulioota ndani ya damu yenyewe. Mwaka huo huo, mjini Berlin, kijana wa miaka 24 aitwaye Rudolf Virchow alichapisha habari ya mpishi mmoja mwanamke aliyefia katika hospitali ya Charité akiwa na damu ya namna hiyo hiyo. Virchow hakusema ni usaha. Hakujua chanzo, na alikuwa na ujasiri wa kutojifanya anajua. Alichofanya ni kuandika kile macho yake yalichoona: weisses Blut, damu nyeupe. Miaka miwili baadaye akayavika maneno hayo joho la Kigiriki, leukos na haima, yakawa Leukämie.

Bennett hakukubali. Mwaka 1852 alileta neno lake, leukosithemia, yaani chembe nyeupe ndani ya damu, na niwaambieni ukweli, kwa usahihi neno la Bennett lilikuwa bora. Damu ya mgonjwa haigeuki kuwa maziwa. Kinachozidi ni chembe nyeupe. Lakini jaribuni kulitamka neno hilo mara tatu mfululizo mkiwa na foleni ya wagonjwa mlangoni. Jina fupi lilishinda. Leo wanazuoni wachache tu ndio wanaolijua neno la Bennett, na sisi hapa tunasema leukemia, au tunasema saratani ya damu, ambalo ni jina linalosema jambo ambalo Virchow mwenyewe hakulisema alipochagua lake.

Sasa naomba niungame mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana ninayejiona nimeiva, nilipewa kazi ya kufasiri kikaratasi cha wagonjwa wa kisukari. Kilikuwa na maneno mawili, hipoglisemia na hiperglisemia. Mkia ni mmoja. Katikati ni pamoja. Mbele kuna hipo na hiper, nami nilikuwa nafanya kazi usiku, taa ya chemli mezani kwa kuwa umeme ulikatika, mkataba unaisha asubuhi. Niliandika hivi, na maneno nayakumbuka hadi leo: "Mgonjwa akitetemeka, akitokwa na jasho jingi na kuhisi njaa ya ghafla, sukari yake imepanda. Apewe haraka chai yenye sukari."

Mmeliona? Nilipaswa kuandika imeshuka.

Kabla hakijachapishwa, kikaratasi kilipelekwa kwa muuguzi mmoja mstaafu akipitie. Alinipigia simu saa moja asubuhi. Hakunisalimu kwanza, na kwa mama wa umri ule hilo peke yake ni onyo. Akasema, "Mwanangu, umeandika sukari imepanda, halafu unaniambia nimwongeze sukari. Nimfuate nani, wewe wa mstari wa kwanza au wewe wa mstari wa pili?" Nilijaribu kumweleza habari za Kigiriki. Akanikatiza: "Hao Wagiriki wako watakuwepo wodini saa tisa usiku?"

Ndugu zangu, hipo ni chini, hiper ni juu. Kwa Mgiriki maneno haya mawili hayachanganyiki, kama ambavyo kwetu hayachanganyiki chini na juu. Yanachanganyika kwa sisi tunaoyapokea yakiwa tayari yamegandamana na mengine. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, imeshuka, na mgonjwa anahitaji kitu kitamu sasa hivi. Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo wazi kama mchana: kushuka na kupanda. Tangu simu ile sijapata kuandika hipoglisemia katika karatasi ya mgonjwa bila kuandika kwanza "sukari kushuka kwenye damu", na neno la Kigiriki nikaliweka nyuma yake, kwa ajili ya siku atakapolikuta kwenye cheti chake.

Je, sisi peke yetu ndio tunaofanya hivi? Hata kidogo, na hapa nataka tukae kidogo, maana kuna wenzetu wanaodhani kwamba kuitafsiri istilahi ni dalili ya lugha changa. Mjerumani huyo huyo aliyewapa walimwengu Leukämie, akiwa nyumbani kwake anaiita anemia Blutarmut, umaskini wa damu. Mholanzi vilevile anasema bloedarmoede, umaskini wa damu. Mhungaria naye, ambaye lugha yake haina undugu na hizo, anasema vérszegénység, na humo ndani mna damu na mna maskini. Mswidi anasema blodbrist, upungufu wa damu, neno kwa neno kama lile la kwetu. Mrusi ana malokrovie, uchache wa damu, na leukemia ameipa jina belokrovie, ambalo ni damu nyeupe ile ile ya Virchow ikiwa imevuliwa joho. Hizi ni lugha zenye vyuo vya tiba vya karne nyingi. Zina neno la cheti na zina neno la nyumbani, na daktari mzuri anajua lini aweke lipi.

Mwarabu naye anasema faqr ad-dam. Hebu lisikilizeni vizuri neno hilo, maana limejaa ndugu zetu. Dam ndiyo damu yetu. Faqr ndiyo iliyotupa fukara na fakiri. Ufukara wa damu! Tungeweza kulichukua zima zima, na sijui kwa nini hatukulichukua. Tulilolichukua kutoka huko ni safura, neno lenye asili ya rangi ya manjano, na wazee waliliweka kwa ule ugonjwa unaomfanya mtu apauke na kuvimba kwa sababu minyoo inamnyonya damu tumboni. Safura ni neno zuri, lakini nawaomba wafasiri msilitandaze juu ya kila anemia. Mama mjamzito aliyepimwa wingi wa damu akakutwa na 9, wakati kiwango kinachotakiwa kisipungue gramu 11 za hemoglobini kwa desilita, huenda hana mnyoo hata mmoja. Mkimwandikia safura, atakunywa dawa ya minyoo na kuviacha vidonge vya madini ya chuma kabatini.

Nimetaja maini mwanzoni, nami sitaki kupita bila kumtaja George Whipple. Bwana huyu, katika maabara zake huko Marekani, alikuwa akiwatoa mbwa damu hadi wapungukiwe, kisha akijaribu vyakula mbalimbali aone kipi kinairudisha haraka. Maini yalishinda. Kazi hiyo ilifungua njia ya kutibu aina ya anemia iliyokuwa ikiua, na mwaka 1934 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mama yangu alipewa masufuria ya kuosha. Whipple huyo huyo, pamoja na William Bradford, ndiye aliyelitia katika maandishi mwaka 1932 neno thalasemia, thalassa ikiwa ni bahari: damu ya bahari. Walikuwa wanafikiria Mediterania, kwa kuwa Thomas Cooley wa Detroit aliueleza ugonjwa huo mwaka 1925 kwa watoto wa familia zilizotoka Italia na Ugiriki. Ni jina tamu kuliko yote yenye mkia huu, na ni jina linalopotosha, kwani ugonjwa upo hadi Oman, India na Thailand, mbali kabisa na bahari ile.

Nimefika kwenye jambo lililo karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago alieleza chembe za damu za kijana mmoja kutoka Grenada, zilizokuwa ndefu na zimepinda kama mundu. Mwaka 1922 Verne Mason akaupa ugonjwa huo jina la anemia ya chembe zenye umbo la mundu. Kiswahili kilipoupokea kilifanya nini? Kilichukua seli, kikachukua mundu, kikaviunganisha: selimundu. Anemia tukaiacha mlangoni. Mimi nasema tulifanya vizuri kuliko wenye jina la kwanza. Muulizeni mgonjwa wa selimundu kinachomtesa. Kabla hajafika kwenye upungufu wa damu atakueleza maumivu ya mifupa, kifua, viungo, maumivu ya kumfanya mtu mzima alie. Jina lenye mkia wa damu lilimweka daktari macho kwenye kopo la maabara. Jina letu lina mundu, na kila aliyewahi kuvuna mpunga anajua mundu hufanya nini ukimpitia mtu.

Aliyegundua kwa nini ugonjwa huu ni mwingi kwetu alikulia Kenya. Anthony Allison aliona, akipima damu za watu mwaka 1949, kwamba wenye kubeba chembe hiyo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza: ni nini kilichopo pwani na ziwani ambacho hakipo mlimani? Mbu. Mwaka 1954 alichapisha hesabu ya watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 waliobeba chembe ya mundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, 113. Mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua selimundu.

Na kuwepo kwa vimelea hivyo ndani ya damu kunaitwaje vitabuni? Parasitemia. Mkia wetu umerudi. Neno hili linatumika kila siku katika maabara zetu, na wengi wenu mmeliandika jana usiku. Kwenye daftari la maabara liacheni lilivyo. Kwa mzazi semeni "vimelea kwenye damu", mtakuwa hamjapunguza kitu hata nukta, kwa sababu hayo ndiyo maneno yenyewe, yamepinduliwa tu ili mahali pake paje mwisho.

Hata huko yalikotoka, mkia huu unaachwa pale unapochosha. Neno septisemia, la maambukizi yaliyoingia kwenye damu, lilitawala vitabu kwa zaidi ya karne moja, hadi mwaka 1992 jopo la wataalamu wa Marekani likapendekeza liachwe kwa kuwa kila daktari alilitumia kwa maana yake, na siku hizi wengi wanasema sepsisi tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namaliza kwa ombi. Kwenye meza iliyo mlangoni nimeweka karatasi, na juu ya kila karatasi kuna neno moja lenye mkia huu. Lile refu kuliko yote, hiperbilirubinemia, la watoto wachanga wanaogeuka manjano, bado linatushinda: mmoja wetu anataka "umanjano wa mtoto", mwingine anasema hilo litachanganywa na homa ya manjano, nami naona anayo hoja. Nyinyi wauguzi mnawasikia akina mama wakilitaja jambo hilo usiku, mtoto akiwa mkononi. Andikeni walivyolitaja wao wenyewe, na kijiji au mtaa wanakotoka. Tafadhali msiwasahihishe. Kalamu zipo kwenye kikombe pale pale.

Asanteni kwa kunisikiliza.